Mwanafunzi Akitoa Udhuru

Katika miaka ya 1930, mjini Mysore kusini mwa India, mwalimu wa yoga aitwaye Tirumalai Krishnamacharya alimwita kijana mmoja mbele ya wageni na kumtaka afanye hanumanasana. Kwa lugha yetu ya mtaani, alimwambia apige msamba: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mpaka nyonga ziguse sakafu. Kijana hakuwahi kuufanya mkao huo. Alijua mwili wake haujafika huko. Lakini Krishnamacharya alikuwa mwalimu wake, tena shemeji yake, mume wa dada yake, na kijana alikuwa akiishi kwake. Kwa hiyo hakusema hawezi. Alisema kaptula inambana.

Mwalimu akaagiza mkasi. Kaptula ikachanwa, udhuru ukaisha, kijana akapiga msamba. Misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kutembea sawasawa.

Kijana huyo ni B.K.S. Iyengar, ambaye baadaye aliandika Light on Yoga, kitabu kilichotoka mwaka 1966 na kuifikisha yoga katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuiona India. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Kisa cha kaptula alikisimulia mwenyewe uzeeni. Yeye naye alipokuwa mwalimu alijulikana kwa kuwapiga wanafunzi vibao ili wakae sawa, na wapo waliojeruhiwa rohoni kwa vibao hivyo. Mambo haya hurithishwa.

Nimeifikiria sana kaptula ile, kwa sababu naona pale kuna mtu aliyekataa. Alikataa kwa namna pekee aliyoachiwa. Sisi tuliolelewa kwenye shikamoo tunaijua namna hiyo vizuri. Mama mkwe akikupakulia chakula usichokitaka, unamwambia umetoka kula sasa hivi. Bosi akikutaka ubaki mpaka usiku, unasema mtoto ana homa. Mkubwa haambiwi hapana usoni. Anapewa njia ya kuondoka na heshima yake. Na mkubwa muungwana huelewa. Haendi kupima homa ya mtoto.

Ninachotaka kusema leo kuhusu walimu wa yoga na mikono yao ndicho hicho. Anayemgusa mwanafunzi ana wajibu wa kuisikia hapana hata ikija kama udhuru, na hata isipotamkwa kabisa.

Kwa asiyewahi kuingia katika darasa la yoga, niseme kidogo linavyokwenda. Kila mtu yuko kwenye mkeka wake, mwalimu anapita katikati. Anaona goti limepinda vibaya, bega limepanda mpaka karibu na sikio, mgongo umejikunja pasipotakiwa. Anaweza kueleza kwa maneno. Anaweza kuonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Au anaweza kushika, kuvuta, kusukuma, wakati mwingine kulalia. Huko kushika ndiko wenyewe wanakoita kurekebisha, na kwa walimu wengi kumekuwa sehemu ya somo kiasi kwamba mwanafunzi asiyeguswa hujiona kapuuzwa.

Chukua mkao mmoja tu, ule wa kukaa chini miguu ikiwa imenyooshwa mbele, kisha kuinama mpaka kifua kikaribie mapaja. Unaonekana mwepesi. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu iliyojishikiza kwenye mfupa ule tunaoukalia. Ukiinama kwa nguvu zako mwenyewe, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwamba msuli umevutwa sana, na msuli hujikaza kujilinda. Unafika mahali unasimama. Hapo ndipo mwili ulipokubali kwa siku ya leo. Sasa aje mtu wa kilo 80, aweke kifua chake juu ya mgongo wako, aegemee. Uzito wake hausikii taarifa za mishipa yako. Yeye mwenyewe hasikii. Anachosikia ni kwamba umeshuka, na anadhani kushuka ndiyo maendeleo. Kikichanika kitu, mara nyingi ni pale msuli unapogeuka kuwa kano na kushika mfupa, na kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole mno. Mtu anaweza kumaliza miezi akikalia upande mmoja wa kiti.

Goti nalo lina hadithi yake. Katika mkao wa padmasana, ule wa kukunja miguu na kuweka nyayo juu ya mapaja, anayetakiwa kugeuka ni mfupa wa paja ndani ya nyonga. Nyonga isipogeuka, na mwalimu akaendelea kuvuta kisigino, ile nguvu inatafuta pa kwenda na inaishia kwenye goti, ambalo halikuumbwa kwa kusokotwa. Mjamzito ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana homoni za ujauzito hulegeza viungo. Anaweza kufika mbali kuliko kawaida yake bila kusikia onyo lolote, akaja kulisikia kesho yake asubuhi.

Mwenzangu mmoja wa kazini alitoka darasani akichechemea. Kabla ya kuguswa alikuwa amemwambia mwalimu kwamba mgongo umemchoka kidogo leo. Mwalimu akamjibu kwa upole, tena akitabasamu, kwamba asijali, atalegea. Akamkandamiza. Nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakumwambia aache. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Si nilimwambia mgongo umechoka?"

Alikuwa amesema. Kwa adabu ya kwetu alikuwa amesema waziwazi kabisa.

Kuumia kwa msuli ni sehemu moja tu ya jambo hili. Krishnamacharya alikuwa na mwanafunzi mwingine mashuhuri, K. Pattabhi Jois, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2009. Ndiye aliyeieneza yoga ya Ashtanga. Kuanzia miaka ya 1970 Wazungu na Wamarekani walimiminika kwake Mysore, katika chumba kidogo ambamo kila mmoja alifuata mfululizo wa mikao kwa kasi yake, na mwalimu akapita akirekebisha. Maneno yalikuwa machache. Mikono ndiyo iliyofundisha.

Novemba 2017, wakati wanawake wa nchi nyingi walipoanza kusema hadharani yaliyowapata, Karen Rain, Mmarekani aliyesoma kwa Jois katika miaka ya 1990, aliandika kwamba mwalimu huyo alikuwa akimdhalilisha kingono kwa kisingizio cha kurekebisha mkao. Walikuwepo waliosema kabla yake wasisikilizwe. Baada yake wakajitokeza wengine. Mwaka 2018 mwandishi wa Kanada, Matthew Remski, alizikusanya shuhuda za wanawake kadhaa katika makala ya jarida la The Walrus, na mwaka uliofuata akatoa kitabu. Mwaka huohuo wa 2019, Sharath Jois, mjukuu aliyerithi kazi ya babu yake, aliandika kwamba aliwahi kumwona babu akiwarekebisha wanafunzi kwa namna isiyofaa, kwamba jambo hilo linamuumiza, na akaomba radhi. Jois mwenyewe alikuwa ameshafariki. Hakuwahi kusimama mahakamani kujibu.

Kinachoniuma katika habari hii ni kwamba hayakufanyika gizani. Yalifanyika asubuhi, chumba kimejaa watu, wengine wakiwa na kamera. Waliokuwepo waliona, kisha wakajitafutia maelezo. Walisema mwalimu anajua mambo tusiyoyajua. Walisema anasaidia kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, maana kweli yoga ina zoezi la kuikaza misuli hiyo, na zoezi hilo likageuzwa kuwa ruhusa ya kupeleka mkono mahali ambapo hata daktari hapeleki bila kueleza kwanza, kuomba, na kuwa na mtu wa tatu chumbani.

Swali la kwanza ambalo wanawake wale waliulizwa ni lilelile tunalowauliza binti zetu: mbona hukupiga kelele? Jibu lipo, na lina tarakimu. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa, mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa, na asilimia 48 kwamba uliganda kabisa, mkono hauinuki, sauti haitoki. Hawakuchagua kunyamaza. Mwili ulizima bila kuwauliza.

Sasa tazama hali ya mtu ndani ya darasa la yoga. Amefumba macho. Kichwa kiko chini, pengine miguu iko juu. Chumba kina ukimya ambao kuuvunja ni kama kukohoa msikitini wakati wa sala. Na kwa majuma au miaka amefundishwa kwamba kitu kikimsumbua asikikimbie, akae nacho, apumue. Ni fundisho zuri sana hilo kwa mtu mwenye wasiwasi wa maisha. Lakini mtu aliyefundwa hivyo, akiguswa vibaya, atapumua. Mwalimu anayeutegemea ukimya wake kama ishara ya kukubali anategemea kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Wapo watakaosema hii ni habari ya Wahindi na Wazungu. Si kweli tena. Africa Yoga Project ilianzishwa Nairobi mwaka 2007 na imefundisha vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika kuwa walimu. Madarasa yapo Dar es Salaam, Arusha, Kampala, na katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja ambako mgeni huanza siku yake kwenye mkeka. Na hata kama mkeka wa yoga usingefika kwetu, mikono ilikuwepo zamani. Mwanamke akijifungua, huja mama mtu mzima na sufuria la maji ya moto kumkanda. Anachovya kitambaa, anakamua, anakandamiza tumbo. Mzazi analia. Anaambiwa avumilie, sisi wote tulipita hapo. Wauguzi wamesema mara nyingi kwamba maji yale huunguza na mkandamizo ule unaweza kudhuru, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji. Sitaki kuwadharau wakandaji wetu. Nimewaona wenye vidole vya ajabu, wanaouliza hapa panauma, na hapa je, na wanaoinua mkono mara tu uso unapobadilika. Nimewaona pia wasiouliza. Tofauti kati yao haitokani na utaalamu wa kukanda, maana wote wanajua kukanda.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, ile iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, ina kifungu cha 42 ambacho nakipenda kwa ufupi wake. Kinasema, kwa maana yake, kwamba mtu ameridhia iwapo amekubali kwa kuchagua, na alikuwa na uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Kifungu kiliandikwa kwa makosa mazito, lakini kipimo chake kinafaa hata pale ambapo hakuna jinai yoyote, mwalimu ana nia njema kabisa na anataka tu kulishusha bega. Je, mwanafunzi alikuwa na uhuru? Mbele ya watu ishirini, mwalimu amesimama juu yake, mwanafunzi amelipa ada ya mwezi mzima, na mwalimu huyo ndiye anayeamua nani ataingia kozi ya ualimu mwaka ujao? Ukimuuliza pale, "Naweza kukugusa?", atasema ndiyo. Angesema nini kingine?

Ndiyo maana siridhiki na ushauri unaoishia kwenye kusema mwalimu aombe ruhusa. Kuomba ni lazima, lakini kuna kuomba kunakomfanya mtu akubali kwa aibu.

Na mimi si adui wa mkono wa mwalimu. Mkono uliotulia unaweza kukuambia jambo ambalo maneno kumi hayakukuambia, kwa sababu wengi wetu hatujui mgongo wetu uko wapi mpaka mtu atuguse. Katika darasa ninalohudhuria kuna mama mtu mzima, anakuja na suruali ya mazoezi ndani ya dera, mtandio kichwani, na hukaa karibu na ukuta. Mwalimu ni kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Siku moja bega la kushoto la mama lilikuwa limepanda. Kijana alikuja, akachuchumaa pembeni mpaka uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa mama, asije akamsimamia kichwani. Akasema kwa sauti ambayo sisi wa jirani tu ndio tuliisikia:

"Shikamoo mama. Bega la kushoto limepanda. Nikuelekeze kwa maneno au nikuwekee vidole?"

"Marahaba. Kwa maneno, mwanangu."

"Haya mama. Vuta pumzi. Ukiitoa, liache bega lishuke, kama mtu aliyetua ndoo."

Likashuka. Kijana akaondoka kwenda kwa mwingine.

Niliiona siku ile akili iliyo ndani ya swali lake. Alimpa mama njia mbili, na hakuna hata moja iliyomlazimu kukataa. Hakuhitaji kutafuta udhuru wa mgongo, wala wa kaptula. Alichagua tu, kama mtu anavyochagua chai ya maziwa au ya rangi. Wiki nyingine nilimsikia mama akisema leo niwekee vidole. Akaweka viwili, juu ya mfupa wa bega, juu ya nguo, akasubiri, akauliza aendelee au aache, akaondoa. Hakusukuma. Vidole vilikuwa vikionyesha mahali. Kazi aliifanya mama mwenyewe, na misuli yake mwenyewe ndiyo iliyosema imefika.

Studio nyingi za Marekani na Ulaya siku hizi huweka kadi ndogo zenye pande mbili. Upande mmoja unasema nimekubali kuguswa, mwingine unasema hapana, na mwanafunzi huiweka kichwani pa mkeka, akaigeuza wakati wowote, hata katikati ya mkao. Naipenda kwa sababu haihitaji kinywa. Kuna wanaotumia njia ya kuwalaza watu kifudifudi mwanzoni na kusema, asiyetaka kuguswa ainue mkono. Hii siipendi. Inamtwika mzigo yule aliye dhaifu, na aliyeduwaa hawezi kuinua mkono, na aliyechelewa kuingia hakusikia swali. Igeuzwe: ainue mkono anayetaka. Asiyefanya kitu aachwe kama alivyo. Na anayetaka leo asihesabiwe kuwa anataka kesho. Hata ndani ya darasa lilelile, aliyekubali kuguswa bega hajakubali kuguswa kiuno.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Huko Brookline, karibu na Boston, David Emerson na daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk walijenga namna ya kufundisha yoga kwa watu walioumizwa utotoni au katika ndoa zao. Hapo mwalimu hamgusi mtu kumrekebisha. Anasema, ukipenda unaweza kuinua mkono, ukipenda uache. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa wanawake 64 ambao matibabu mengine yalikuwa hayajawaponya. Baada ya wiki 10, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, dhidi ya asilimia 21 ya wale waliopewa masomo ya afya tu. Mwalimu anayedai kwamba bila mikono yake wanafunzi hawataendelea na aitazame hesabu hiyo. Tena hajui nani kati ya wale walio mbele yake ana kisa cha namna hiyo. Kisa kama hicho hakiandikwi kwenye fomu ya kujiunga.

Linabaki suala la mahali pa kulalamika. Mysore hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mwenye chumba, mwenye elimu na mwenye kutoa vyeti alikuwa mtu mmoja. Madarasa yetu mengi yako hivyohivyo. Kijana anafundisha, mke wake anapokea ada, na cheti chake kakipata kwa rafiki yake. Hilo si kosa lao, ndivyo shughuli ndogo zinavyoanza. Lakini panahitajika jina la mtu wa tatu lililobandikwa mlangoni, na namba yake, na mtu huyo asiwe anategemea ada za darasa. Katika darasa letu tumeliweka, baada ya maneno mengi.

Ambalo bado hatujakubaliana ni darasa la watoto la Jumamosi. Wazazi wengi wanaona inatosha mzazi akitia sahihi mwanzo wa muhula kwamba mwanawe anaweza kushikwa. Mimi nang'ang'ania kwamba mtoto naye aulizwe, kila mara, kwa njia mbili kama alivyoulizwa yule mama wa dera. Na mtoto akisema anataka kwenda chooni kila mwalimu anapomkaribia, aachwe aende, kisha mtu mzima mwingine akae naye nje na amsikilize.